Msimu Niliodhani Naombolezwa

Wiki iliyopita jirani yangu alirudi kutoka Masasi na ndoo ya mabibo, yale matunda ya mkorosho. Mabibo hayapendi safari, na haya yalikuwa yameshaanza kuchacha, kwa hiyo harufu iliingia sebuleni kabla ya mwenyewe kupiga hodi. Nilipokea kwa mikono miwili, nikamshukuru, nikayasifia, na alipoondoka nikaitoa ndoo nje kwenye ngazi, wakaimaliza watoto wa mtaani. Mume wangu akaniuliza kama nina mimba. Nikamwambia hapana, ni mambo ya zamani. Akangoja nimweleze, kisha akarudi kwenye mpira wake.

Nakueleza wewe, ambaye pengine umri wetu ni mmoja na ulikulia kule kule juu. Kama ulikulia Newala unajua kwamba mtoto wa kule hujifunza mapema maji ni nini. Maji ni kitu kilichotoka mahali. Kina njia yake na foleni yake, na kimekaa juu ya kichwa cha mtu mpaka kikafika nyumbani. Kwetu Chilangala tulikuwa na shimo la kuvunia maji ya mvua yanayoshuka kutoka kwenye bati, na likikauka tunakwenda mbali. Bibi yangu alikuwa akininawisha uso, mikono na miguu kwa kikombe kimoja, na kinachobaki anamwagia mpapai. Bibo, kwa upande mwingine, lilikuwa takataka tamu. Unanyofoa korosho yako, unalifyonza kidogo ukiwa na kiu, unalitupa, mbuzi wanamalizia. Hakuna mtu katika ukoo wetu aliyewahi kulihesabu bibo kuwa kitu.

Nilikuwa na miaka kumi figo zangu zilipoacha kazi. Nilianza kuvimba uso, na Bibi akafurahi akidhani nimenenepa. Halafu ikavimba miguu, kikaja kichwa cha kuuma kutwa nzima, nikawa natapika hata uji. Tulipofika hospitali walisema figo zote mbili zimekufa kimya kimya. Nikawekewa mrija kifuani, chini kidogo ya mtulinga, na kuanzia hapo mara tatu kwa wiki nililazwa kwenye kiti kirefu saa nne nzima, damu yangu ikitoka, ikipita kwenye mashine kusafishwa, ikirudi. Nilikuwa mtoto peke yangu kwenye chumba kile. Wengine wote walikuwa watu wazima, wengi wao wanalala, na mmoja alikuwa mzee aliyependa kuniuliza niko darasa la ngapi kila tunapokutana.

Kutoka Chilangala safari ilikuwa haiwezekani, kwa hiyo Mama alinihamishia Lisekese, upande wa Masasi, kwa kaka yake. Kutoka pale tuliweza kuondoka alfajiri kwa bodaboda mpaka barabara kuu, tukapata gari, tukawahi mashine. Baba na dada yangu Sharifa walibaki nyumbani na Bibi, maana msimu wa korosho ulikuwa unakaribia. Bibi aliahidi atakuja kuniona korosho zikishaokotwa. Alinisemesha Chimakonde siku ile, kwa ukali kidogo, kama alivyofanya alipokuwa hataki watu wamwone analia.

Mpango niliujua vizuri kuliko masomo yangu. Mama alikuwa ameshapimwa na figo yake ilinifaa. Tungepelekwa mji mkubwa, moja ya kwake ihamie kwangu, basi, mrija ungetolewa na ningerudi nyumbani kunywa maji mpaka tumbo lijae. Lakini presha yangu ilikuwa juu. Sista Rehema, muuguzi wa pale kwenye mashine, alitueleza taratibu: mtoto ambaye figo zake hazifanyi kazi hatoi maji mwilini, maji yakijaa presha inapanda, presha ikipanda moyo unachoka kusukuma. Moyo ukichoka, hakuna daktari atakayekubali kumpasua. Kwa hiyo maji ni vikombe viwili kwa siku, chai na uji humo humo, na chumvi kidogo sana.

Mama alinunua jagi la bluu na kulichora mstari kwa rangi ya kucha. Kila asubuhi alilijaza mpaka kwenye mstari, na kilichokuwa humo ndicho changu mpaka kesho. Nilikunywa kwa kizibo cha chupa ili yachelewe kuisha. Sikuwahi kudokoa hata tone nje ya jagi lile, na naomba ulikumbuke hilo, kwa sababu kuna wakati hakuna aliyeniamini.

Tatizo ni kwamba nyumba ile ilikuwa tayari na mtaalamu wa presha. Mjomba, ambaye sisi tulimwita Njomba kama watu wa kwetu wanavyosema, alianguka uani mwaka mmoja kabla, siku alipopigiwa simu kwamba rafiki yake waliyetoka naye jando amefariki. Alipozinduka hospitali akaambiwa ana presha, apunguze mawazo na chumvi. Chumvi aliisahau njiani. Mawazo aliyashika kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo hakwenda msibani wala hakusikiliza taarifa ya habari, na mke wake alijifunza kumwambia mambo kidogo kidogo, kwa siku tatu au nne.

Basi Mama aliporudi na kumweleza kwamba hata mimi nina presha na moyo wangu uko hatarini, Njomba hakuhitaji kusikia zaidi. Aliwaita wote sebuleni, mimi nikiwa chumbani nyuma ya pazia.

"Nawaambia kitu ninachokijua mimi mwenyewe," alisema. "Presha haina utani. Huyu mtoto asishtuliwe. Habari mbaya isimfikie. Kelele nyumbani basi. Na msimchekeshe sana, maana hata furaha inapandisha."

"Sista amesema ni maji, kaka," Mama alisema.

"Maji sawa, Mama Sharifa, utampimia. Lakini mimi nilianguka kwa maji? Nilianguka kwa simu."

Zuhura, binti wa Njomba, tuliyekuwa rika moja naye na tukilala kitanda kimoja, alihamishiwa chumba kingine usiku ule ule asije akaniamsha kwa kuota. Kesho yake niliwasikia wakicheza rede mbali, upande wa pili wa nyumba, na mtu akiwanyamazisha kila mpira ukimkosa mtu. Shuleni nilikuwa nimeshaacha. Zuhura akirudi alikuwa akipita karibu yangu kwa ncha za vidole, akitazama chini, akiniwekea sahani na kuondoka. Nilimpenda sana Zuhura. Nilidhani amechoka na mimi, na sikumlaumu, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimechoka na mimi.

Wale waliokwisha kuugua utotoni watanielewa. Maumivu unayazoea kwa namna fulani, hata sindano unazizoea. Ninachokikumbuka mimi ni mchana. Mchana wa siku zisizo za mashine, nimeketi kwenye mkeka barazani, watu wako shambani wanaokota korosho, na wale waliobaki wananizunguka kama wanavyozunguka sufuria ya maziwa iliyo motoni. Nilijiongelesha. Nilihesabu bati za paa. Nilikuwa nikisubiri siku ya mashine kwa hamu, kwa sababu kule yule mzee angeniuliza niko darasa la ngapi.

Halafu katikati ya msimu nyumba ikanyamaza kabisa. Mama aliniambia anakwenda Chilangala kumsaidia Baba kuokota, akakaa siku tatu, na mke wa Njomba ndiye aliyenipeleka kwenye mashine. Njomba naye alikuwa amesafiri. Waliporudi walikuja pamoja, na Mama macho yake yalikuwa yamevimba. Akasema ni vumbi. Redio, ambayo kwa amri ya Njomba ilikuwa inanong'ona, sasa ilizimwa na kuwekwa juu ya kabati. Wanawake wa jirani walianza kuja, wamejitanda kanga, lakini hawakuja barazani nilipo. Walizungukia uani. Walimshika Mama mkono mmoja mmoja, wakakaa naye kwenye mkeka, wakazungumza kwa sauti ya chini, na nilipotokeza kichwa mlangoni walinyamaza wote. Mmoja alinitazama, akatikisa kichwa, akajifuta jicho kwa pembe ya kanga.

Mimi nilikuwa nimeshaona matanga. Babu alipofariki nilikuwa na miaka saba na nilikuwa pale pale, nimekaa mapajani mwa Sharifa. Nilijua redio huzimwa. Nilijua mikeka, kanga za kichwani, sauti za chini, na kushikana mikono. Nilijua pia kwamba wote wanamzungumzia marehemu na hakuna anayezungumza naye. Nikasimama pale mlangoni na ikanijia wazi kabisa, bila hata kuogopa kwanza. Yale yalikuwa matanga yangu.

Usinicheke. Nilikuwa na miaka kumi na sikuwa na mtu wa kumuuliza. Nililitazama jambo lile kila upande na kila upande lilikaa sawa. Daktari amewaambia kitu wakaona hakuna haja ya kungoja. Pengine kwa watoto wa mashine ndivyo inavyokuwa, wanaombolezwa mapema ili wakubwa wawahi korosho. Mama alikwenda Chilangala kuwapa taarifa, ndiyo maana Bibi haji, anakaa matanga kule. Niliwaza hata kwamba Bibi amekasirika kwa sababu nimemtangulia. Siku moja nilijaribu. Zuhura alikuwa anafua uani, nikamwita jina lake kwa sauti, mara mbili. Alinyanyua kichwa, akafunika mdomo kwa mkono wenye povu, akakimbilia ndani. Nikasema, haya, imethibitika.

Hofu ilikuja baadaye. Ilikuja mchana, nikiwa mwenyewe, na ilikuwa hofu ya kwamba watazoea.

Mtu mmoja tu alinikumbuka. Kila jioni Njomba aliporudi kutoka shambani aliniletea mabibo kwenye bakuli, mekundu na ya njano, yale makubwa yasiyo na doa, akayaweka pembeni ya mkeka wangu na kuondoka bila kunitazama usoni. Sasa najua kwamba alikuwa anaogopa macho yake yataniambia siri. Wakati ule nilidhani ni sadaka. Lakini yalikuwa matamu, na koo langu lilikuwa kavu tangu asubuhi, na bibo ukiling'ata linapasuka na kujaza mdomo mzima. Niliyafyonza yote, nikatema makapi. Yakiisha, na waokotaji wakishaondoka, niliingia mwenyewe kwenye mikorosho nyuma ya nyumba na kufyonza mengine mpaka koo likakereketa. Hakuna aliyenikataza. Maji yalikuwa kwenye jagi, na jagi nililiheshimu.

Ilikuwa siku ya mashine nilipopanda kwenye mzani na Sista Rehema akaniambia nishuke nipande tena. Nilikuwa nimeongezeka kilo tatu tangu juzi. Nilikuwa nahema kama nimekimbia, na nikilala chali nilihisi mtu amenikalia kifuani. Alinifunga mkanda wa presha mkononi, ukabana, ukaachia, akaufunga upya. Akamwita daktari. Nilipelekwa chumba kingine, nikapakwa yale mafuta ya baridi, wakautazama moyo wangu kwenye kioo kwa kipimo kama cha akina mama wajawazito. Mimi pia niliuona. Ulikuwa unahangaika.

Daktari hakuwa mkali. Alimwambia Mama kwa sauti ya uchovu. "Misuli ya moyo imenenepa kwa kusukuma presha kubwa, na sasa moyo wenyewe umetanuka. Ule upandikizaji tumeusimamisha. Moyo huu ukienda kwenye upasuaji hatarudi. Presha ishuke kwanza, moyo upungue, ndipo tuzungumze habari ya figo yako."

"Na isiposhuka?" Mama aliuliza.

"Hizo kilo tatu ni maji, mama. Tafuteni yanapotoka."

Mama aliniuliza tukiwa bado kwenye benchi la nje. "Unakunywa wapi?"

"Sinywi, Mama. Nakunywa ya jagi tu."

"Mwanangu, figo yangu nimeshaitoa moyoni, nimebaki nimekubebea wewe. Usinidanganye. Unakunywa wapi?"

"Wallahi sinywi."

Alinitazama kwa muda mrefu, na nikaona haniamini. Hapo ndipo nilipolia kwa mara ya kwanza tangu mashine ianze. Nilikuwa nimewavumilia wote wakinizunguka kwa ncha za vidole, lakini Mama alikuwa wangu. Tulirudi Lisekese, na jioni ile pipa la maji likatiwa kufuli. Ndoo zilihamishiwa chumbani kwa Njomba. Zuhura aliambiwa anichunge kwa mbali nisiende kwa majirani kuomba maji, naye alinichunga, ameketi kwenye kinu kilicholazwa, akinitazama nikifyonza mabibo yangu. Mimi na yeye tulitazamana hivyo siku mbili nzima.

Gauni ndilo lililonitetea. Wewe unajua doa la bibo, halitoki hata ufue kwa majivu. Mama alikuwa amekaa uani na beseni, amelishika lile gauni langu la kitenge, anasugua kifuani pale pale kwa muda mrefu, halafu akaacha kusugua. Akalinyanyua kwenye mwanga. Madoa yalikuwa yameshuka kutoka shingoni mpaka tumboni, doa juu ya doa.

"Unakula mabibo mangapi?" aliniuliza.

"Yale ya Njomba. Na ya nyuma ya nyumba."

"Mangapi?"

Sikuwa nimeyahesabu, nikamwonyesha bakuli, nikaonyesha kwa mikono na yale mengine. Mama aliinuka. Aliingia shambani, akarudi na kanga imejaa, akaleta lile jagi la bluu akayamwaga maji yake yote chini, jambo ambalo sikuwahi kumwona mtu wa Newala akilifanya. Halafu akaanza kukamua bibo moja moja kwa mkono ndani ya jagi. Likakamuliwa, likatupwa. Akaendelea mpaka juisi ikafika kwenye mstari wa rangi ya kucha. Akaimwaga kwenye sufuria, akaanza tena. Ikafika kwenye mstari mara ya pili na kwenye kanga mabibo bado yalikuwamo.

Njomba alikuwa amesimama mlangoni. "Lakini hilo ni tunda," alisema.

"Tazama, kaka."

"Mama Sharifa, hilo ni tunda tu. Mimi nilikuwa nampa apate kutulia."

"Najua. Tazama tu."

Akatazama. Aliketi palepale kizingitini, bakuli la siku ile mkononi. Mama alinivuta, akanikalisha kati ya miguu yake akiwa bado ananuka mabibo, akaegemeza kidevu chake juu ya kichwa changu. Hakuniomba radhi kwa maneno. Alirudia tu, "Hukunidanganya. Hukunidanganya," na mimi sikusogea ili asiache.

Siku ya mashine iliyofuata Njomba alikuja nasi. Alivaa kanzu na koti kama anakwenda kujitetea mahakamani, na kabla hatujaketi alishamweleza Sista Rehema habari yote ya mabakuli.

"Shikamoo," nilisema mimi, kwa sababu Sista alikuwa amesahau kunisalimia.

"Marahaba, mama. Panda mzani." Kilo zilikuwa bado nyingi, lakini chache kuliko zile. Sista alituunganisha, mimi na mashine, akamweleza Njomba kwamba tunda lenye maji ni maji, na kwamba bibo lina pia madini ambayo figo zangu haziwezi kuyatoa, yakizidi moyo unaweza kusimama ghafla. Akauliza habari ya chumvi. Ikaja habari ya korosho za kukaanga kwa chumvi na dagaa niliokuwa nikila. Njomba alikuwa akiitikia "ndiyo" kwa sauti inayozidi kuwa ndogo.

Nilifumba macho. Saa ya pili huwa nasikia baridi na usingizi, na wakadhani nimelala.

"Sista," Njomba aliuliza, "na kule kumficha habari, kumesaidia hata kidogo?"

"Habari gani, baba?"

"Tulimficha msiba. Bibi yake, mama yetu, tumemzika mwezi uliopita. Nilisema asiambiwe, moyo wake usije ukapasuka."

Nilifumbua macho. Sijui kama Mama alipiga kelele au ni mimi ninayekumbuka hivyo. Wote watatu walikuwa wananitazama, Njomba ameshika mdomo.

"Kwa hiyo siyo mimi?" niliuliza.

"Siyo wewe nini?" Mama alisema.

"Matanga. Yalikuwa ya Bibi? Hayakuwa yangu?"

Hakuna aliyenielewa mara moja. Kisha nikaona uso wa Mama unavyoelewa, polepole, siku moja baada ya nyingine, zile siku zote za barazani, na akakaa chini sakafuni pembeni ya kiti changu, mama mtu mzima, kwenye sakafu ya hospitali. Na mimi nikwambie kitu ambacho sijawahi kumwambia yeye. Nilifurahi. Nilimpenda Bibi kuliko mtu yeyote baada ya Mama, na kwa muda ule, sijui ni pumzi mbili au tatu, nilifurahi kwamba aliyekufa ni yeye. Halafu ndipo ikanifikia kwamba ni yeye, na mpapai wake, na ukali wake wa Chimakonde, na sikuweza hata kujikunja nilie vizuri kwa sababu ya mrija.

Njomba aliinuka. "Mpime," alimwambia Sista. "Tafadhali mpime presha sasa hivi."

Sista Rehema alinifunga mkanda. Ukabana, ukaachia. Alisoma, akamgeuzia Njomba kile kioo kidogo asome mwenyewe.

"Imeshuka," alisema.

"Imeshuka? Na habari amesikia?"

"Maji yanatoka, baba. Moyo wa huyu mtoto ulikuwa umezidiwa na maji na chumvi. Msimfiche mambo yake. Mwacheni alie."

Moyo haukurudi siku moja, nisikudanganye. Ilichukua miezi, dawa za asubuhi na jioni, chakula kisicho na ladha, na Zuhura kukaa nami tukihesabu vizibo vya maji pamoja. Msimu mwingine wa korosho ulipita ndipo daktari alipotazama kwenye kile kioo na kusema sasa nendeni. Figo ya Mama ninayo hapa, upande wa kulia mbele, na yeye yuko Chilangala anapalilia. Lakini hayo yote yalikuja nyuma. Ninayoikumbuka zaidi ni Alhamisi moja, wiki ile ile tuliyotoka kwenye mashine na Njomba.

Arobaini ya Bibi ilikuwa imeshasomwa kule Chilangala bila mimi. Njomba alikwenda nyumba kwa nyumba Lisekese akawaambia majirani, "Kuna mfiwa kwangu hajapewa pole yake." Baadhi walishangaa, lakini walikuja baada ya alasiri. Safari hii hawakuzungukia uani. Mkeka ulitandikwa barazani, nikakaa juu yake pembeni ya Mama, nimejitanda kanga ya mkubwa, na wanawake walewale wakainama mbele yangu mmoja mmoja, wakanishika mkono. "Pole, mwanangu, kwa kufiwa na bibi." Nikajibu nilivyowasikia wakubwa wakijibu, "Tumeshapoa." Zuhura alikuja mwisho wa mstari wao. Alinipa mkono kama mtu mzima, akasema pole, halafu akauliza kama anaruhusiwa kukaa. Akakaa, goti lake likigusa langu.

Mama alishaniambia jinsi Njomba alivyofanya siku ya mazishi. Alisimama mbali na kaburi la mama yake mzazi, vidonge vyake mfukoni, akijilazimisha kuwaza miche ya mikorosho. Hakutoa chozi pale wala nyumbani. Aliogopa.

Alikuja barazani majirani wakiwa bado wamekaa, akachuchumaa mbele yangu, na kwa mara ya kwanza tangu nihamie kwake akanitazama usoni.

"Pole, mpwa wangu," alisema.

"Tumeshapoa," nilisema. Kisha nikaona haitoshi. "Pole na wewe, Njomba. Alikuwa mama yako."

Midomo yake ilianza kucheza. Aliweka kiganja kifuani, akamgeukia Mama kama mtu anayeomba ruhusa.

"Lia, kaka," Mama alisema.

Akalia. Alilia kwa sauti, kilio cha mwanaume asiyejua pa kuanzia, na mimi nikamshika shingo nikalia naye, wagonjwa wawili wa presha wa nyumba ile, mbele ya majirani wote, na hakuna hata mmoja wetu aliyeanguka.